Kamera ndogo ya kuvuta mbali: SX740, HX99 au TZ200 kwa matumizi ya Nairobi?

Mwalimu_Mstaafu, Buruburu

Wenzangu, salamu. Naomba ushauri kuhusu kamera ndogo ya kutia mfukoni, kwa sababu simu yangu hupiga vizuri picha za wajukuu walio mbele yangu, lakini simba aliye ng'ambo ya bonde katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi huonekana kama punje ya mtama. Matumizi yangu ni matatu: mbuga asubuhi, ndege na mbega wa Msitu wa Karura, na sherehe za ukoo ambazo siku hizi huanza mchana na kumalizikia usiku ndani ya hema.

Nimebakiza tatu kwenye orodha: Canon PowerShot SX740 HS yenye zumu ya mara 40, Sony HX99 yenye mara 30, na Panasonic Lumix TZ200 yenye mara 15. Zote zilitoka mwaka 2018, hivyo upya si hoja. Kijana mmoja wa dukani ameniambia kwamba mara 40 inaishinda mara 15 na mjadala umefungwa. Sikuridhika. Kamera kubwa sitaki, magoti hayaniruhusu tena kubeba mizigo.

Msaka_Ndege

Shikamoo Mwalimu. Huyo kijana amekupa hesabu nusu. "Mara 40" ni uwiano tu kati ya mwisho wa lenzi na mwanzo wake. Haisemi chochote kuhusu ubora wa picha. Kwa kipimo cha kawaida cha wapiga picha, Canon huanzia milimita 24 hadi 960, Sony 24 hadi 720, na Panasonic 24 hadi 360; namba ikiwa kubwa, lenzi huvuta mbali zaidi. Tofauti ambayo dukani haitajwi ni kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi. Cha Panasonic kina milimita 13.2 kwa 8.8, ilhali vya Canon na Sony ni vya milimita 6.2 kwa 4.6 hivi, kwa hiyo eneo la kwanza ni takribani mara nne ya hayo mengine. Ndani ya Karura, ambako mbega mweusi mwenye manyoya meupe hukaa kivulini huku anga jeupe likiwa nyuma yake, kihisi kidogo hukulazimisha kuchagua: ama uso wake uwe doa jeusi lisilo na macho, ama mkia wake uungue kwa weupe. Kihisi kikubwa hukuachia nafasi ya kurekebisha baadaye, hasa ukihifadhi faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaichakata, ambazo Panasonic na Sony hutoa na Canon hii haitoi.

Hata hivyo nisiipendelee Panasonic kupita kiasi. Ukiivuta Canon hadi mwisho, tundu la kupitishia mwanga huwa na upana wa milimita 25 hivi. La Panasonic mwisho wake ni milimita 21 hivi. Maana yake, kwa mnyama aliye mbali mno kwa lenzi zote mbili, Canon hukusanya mwanga mwingi zaidi kutoka kwake, licha ya udogo wa kihisi chake. Ukiikata picha ya Panasonic ili ilingane na milimita 960, megapikseli zake 20, yaani nukta milioni 20 zinazounda picha, hubaki karibu tatu. Zinatosha kuchapisha picha ya sentimita 10 kwa 15 na kutuma kwa WhatsApp, lakini si kutundika ukutani. Mambo hugeuka kwa kila kilicho ndani ya milimita 360. Hapo Panasonic iko mbele, na ndege wengi wa Karura huwapata hapo, wakiwemo hondohondo wanaokuja kwenye miti yenye matunda na mdiria wa kando ya mto.

Dereva_wa_Langata

Mwalimu, mimi huwapeleka wageni mbugani, na ninaloliona kila siku halimo katika vipimo. Kuanzia saa nne asubuhi nyasi zikipata joto, hewa huanza kucheza na mnyama aliye mbali hutetemeka kwenye kioo kama mazigazi. Hapo uwe na milimita 960 au elfu mbili, utapiga picha ya hewa moto. Lenzi ndefu ina faida lango linapofunguliwa alfajiri hadi saa tatu hivi, na wakati huo Canon ile huwafurahisha sana wageni. Ina kitufe ambacho ukikishikilia, lenzi hurudi nyuma kidogo ili umtafute mnyama uliyempoteza, kisha ukikiachia hurudi palepale ulipokuwa. Asiyewahi kumpoteza ndege kwenye zumu ndefu hawezi kujua thamani ya kitufe hicho.

Sasa kasoro yake. Canon haina dirisha la kuchungulia, ina kioo cha nyuma peke yake, na jua letu la mchana hukifanya kioo hicho kisionekane. Sony ina dirisha dogo linaloinuka kutoka pembeni, na Panasonic ina lake lisilohitaji kuinuliwa. Kamera ikigusa paji la uso, mikono nayo hutulia zaidi. Zima injini ya gari kabla ya kupiga, kwa maana mtikiso wake huingia kwenye picha, na uje na mfuko wa kitambaa wenye kilo moja ya ndengu uuweke dirishani chini ya lenzi. Wageni wangu hucheka mpaka waone picha.

Kijana_wa_Umoja

Samahani wazee, kwa nini Mwalimu asinunue tu Samsung S23 Ultra iliyotumika? Ina lenzi yake ya kuvuta mara 10 na atakuwa amepata simu pia.

Msaka_Ndege

Ndugu, si wazo baya, na kwa twiga aliye kando ya barabara itamtosha. Ile mara 10 inafika karibu milimita 230; kinachofuata ni simu kukata picha na kubuni manyoya yasiyokuwepo. Ukikuza bawa la mdiria utaona rangi iliyopakwa badala ya unyoya. Na utahadhari vilevile na Canon ikikuahidi mara 80: zile 40 za juu ni za programu.

Mama_Picha

Mwalimu, mimi kazi yangu ni kupiga picha za harusi na ruracio, zile sherehe za mahari za Wakikuyu, kwa hiyo nitajibu lile la tatu ambalo naona wenzangu wamelikwepa. Kati ya kamera zako zote tatu, hakuna inayofaa ndani ya hema saa mbili usiku chini ya zile taa za rangi zinazobadilikabadilika. Panasonic ndiyo yenye afadhali, lakini lenzi yake huanzia f/3.3 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni pana zaidi), na ukiivuta kidogo tu tundu huanza kufinyaa. Nduguye mkubwa TZ100 wa mwaka 2016 huanzia f/2.8, ila huishia milimita 250. Sony RX100 VII ingekupa f/2.8 hadi f/4.5 na milimita 200, lakini bei yake ni ya kukaa chini kwanza. Mweko mdogo wa kamera hizi hufika meta chache tu. Mzee anayezungumza kwenye meza kuu hautamfikia, na walioketi mbele watatoka weupe kama waliopakwa chokaa.

Ushauri wangu huenda ukakushangaza: usiku tumia simu yako. Simu za siku hizi hupiga picha kadhaa mfululizo kwa mpigo mmoja na kuziunganisha, nazo hufanya hivyo haraka kuliko kamera yoyote uliyoitaja. Ukiiondoa sherehe kwenye hesabu, utaona kwamba unachagua kati ya mbuga na msitu, nao ni uchaguzi mwepesi zaidi.

Fundi_wa_Lenzi, katikati ya jiji

Naongeza la vumbi, maana ndilo huniletea wateja. Lenzi hizi hutoka na kurudi ndani, na kila mara hufyonza hewa. Vumbi jekundu la mbugani likiingia hukaa juu ya kihisi, na kwa kuwa lenzi haibanduliwi kwenye kamera, hakuna kupuliza. Ni kufungua kamera nzima. Kabla hujalipa kamera iliyotumika, weka f/8, elekeza kwenye ukuta mweupe au anga tupu, piga, kisha kuza picha uitazame pembe kwa pembe. Madoa ya kijivu yanayokaa mahali palepale katika kila picha ni vumbi. Ivute lenzi hadi mwisho na kuirudisha mara kadhaa huku umeisogeza sikioni: ikikwaruza au ikisita, irudishe kwa mwenyewe. Chungulia na chumba cha betri. Betri inayong'ang'ania kutoka imevimba. Muuzaji akikuharakisha, nenda duka la jirani, Moi Avenue na Luthuli hazikosi maduka.

Kadi ya kumbukumbu nayo uijaribu kwa kuijaza yote, kisha ufungue picha za mwisho. Kadi bandia huandikwa gigabaiti 128 nje huku ndani mkiwa na 8, na hupokea picha zako kimya mpaka siku unapozitafuta.

Mwalimu_Mstaafu, Buruburu

Nawashukuru nyote, na hasa dada yetu Mama Picha, kwani sikuwa nimefikiria kuitenga sherehe. Karura nafika mara kwa mara kwa matatu, ilhali mbugani ni mpaka kijana wangu apate likizo na gari. Basi kamera nifuate mahali ninapokwenda zaidi: nitatafuta TZ200, na simba wa ng'ambo nimwachie aliye na Canon. Sony sikuisikia ikitetewa sana.

Msaka_Ndege

Sony ni nyepesi kuliko zote, gramu 242, na dirisha lake ni zuri, lakini kihisi chake ni kidogo kama cha Canon bila kufika mbali kama Canon. Ingekufaa kama tatizo lako lingekuwa uzito pekee; TZ200 ni gramu 340.

Mwalimu_Mstaafu, Buruburu

Gramu hizo nazimudu. Swali la mwisho kwa Fundi: umeme ukipotea Buruburu, nitaichajije?

Fundi_wa_Lenzi, katikati ya jiji

Mwalimu, TZ200 huchajiwa kwa waya mdogo wa simu za zamani, ule wa kabla ya hizi za kuchomeka upande wowote, kwa hiyo pawabenki ya kawaida inatosha. Nunua betri ya pili ya DMW-BLG10. Hutumika pia kwenye TZ100, kwa hiyo kuipata si kazi. Pawabenki uwe nayo mkobani hata Karura, kwa sababu dirisha la kuchungulia hula betri haraka kuliko kioo cha nyuma.