Vibua wanafika wamelegea: tutajuaje kosa ni la nahodha au la kitu kingine?

Katibu_Diko (Tanga)
Wakuu, heshima kwenu. Kwenye diko letu (hapa wavuvi wanaposhushia samaki na kuwauza) kuna boti moja ya faiba ambayo vibua wake mara nyingi wanafika wamelegea, matamvua yamegeuka kahawia, na mnadani wanakwenda kwa bei ya kutupa. Kikao kimegawanyika mafungu matatu. Wapo wanaosema nahodha ni mzembe, atolewe. Wapo wanaosema barafu ya siku hizi haifai. Na wapo wanaonong'ona kwamba boti ina mkono wa mtu, yaani imelogwa. Tajiri, mwenye boti, anataka jibu kabla ya giza lijalo, yaani siku za usiku usio na mbalamwezi. Naomba njia ya kukitafuta chanzo, maana maoni tunayo ya kutosha. Wa saikolojia na wa samaki, nyote karibuni.

Mwalimu_Chumbageni
Katibu, kwanza futa neno "mzembe" kwenye muhtasari wa kikao. Sisemi hivyo kwa kumhurumia mtu. Neno hilo linazunguka tu: samaki wameoza kwa kuwa nahodha ni mzembe, na tumejua ni mzembe kwa kuwa samaki wameoza. Hapo hakuna chanzo, kuna lawama iliyovalishwa jina.

Mwanasaikolojia Fritz Heider, mwaka 1958, aliandika kwamba mtu wa kawaida akitafuta sababu ya tendo huiweka ndani ya mtendaji (tabia, uwezo, nia) au nje yake (mazingira, shinikizo, bahati). Mwaka 1967 Harold Kelley akaonyesha mlinganisho wa kutuamulia baina ya hizo mbili. Una maswali matatu, nayaweka kwa mambo ya diko:

Wengine wakoje? Boti zilizovua usiku uleule, zikachukua barafu palepale, zimerudi na samaki wa namna gani? Kama wote wamelegea, mwache nahodha, kaangalie barafu au foleni ya mnada.

Yeye kwingine yukoje? Akipewa boti nyingine, samaki wanalegea vilevile? Akileta changu badala ya vibua je?

Nyakati zote? Ni kila safari, au ni safari fulani tu? Kama ni safari fulani, chanzo kimo ndani ya safari hizo, wala si katika nahodha wala boti peke yake.

Wenzake wakiwa salama, naye akaharibu katika kila boti na kila safari, hapo una haki ya kumtazama yeye. Lakini akihamia boti nyingine samaki wakafika wazima, na nahodha mwingine akipewa boti hii wakalegea, basi ugonjwa uko kwenye boti. Kwa hiyo kipimo cha bei nafuu kuliko vyote ni kubadilishana manahodha kwa safari kadhaa. Sharti lake ni kubadili kitu kimoja tu. Nahodha akihama na mabaharia wake na boksi lake la barafu, mmehamisha kila kitu na hamtajua lolote.

Swali la kwanza ndilo watu hulipuuza kuliko yote. Leslie McArthur alilipima mwaka 1972: wasomaji wakipewa habari za aina zote tatu, ile ya "wengine wakoje" ndiyo iliyowasukuma kidogo zaidi. Vikaoni ni vivyo hivyo, mtu mmoja anajadiliwa saa nzima na hakuna anayeuliza boti za jirani zimeleta nini.

Halafu jambo moja ambalo hukulitaja: pesa ya barafu anatoa nani? Mwaka 1967 Jones na Harris waliwasomesha wanafunzi wa Marekani insha za kumuunga mkono au kumpinga Fidel Castro. Hata walipoambiwa wazi kwamba mwandishi alipangiwa upande wa kuandika, bado walielekea kuamini kwamba ameandika yaliyo moyoni mwake. Kama tajiri ndiye anayepima barafu, nahodha wenu naye amepangiwa insha, nanyi mnamhukumu kana kwamba kiasi hicho amekichagua mwenyewe.

Bi_Sahare
Mwalimu kamaliza ya watu, mimi niseme ya boksi.

Kwenye joto letu hesabu ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Kumshusha samaki kutoka nyuzi 30 hadi karibu na 0 kunakula takriban theluthi ya kilo ya barafu kwa kila kilo ya samaki, na inayobaki ndiyo ya kupigana na joto linalopenya kuta za boksi. Boti ikibeba kilo 40 za barafu ikavua kilo 120 za vibua, hesabu inaishia kwenye kupoza tu. Hakuna ya kulinda safari ya kurudi, hata nahodha angekuwa malaika.

Namna ya kupanga nayo ni chanzo. Barafu chini, safu nyembamba ya samaki, barafu, samaki, na juu kabisa barafu. Ivunjwe ndogondogo. Mabonge makubwa huacha mianya ya hewa, na ncha zake huchubua nyama. Tundu la kutolea maji liwe wazi, kwani samaki wa chini wakilowa kwenye maji machafu yenye damu huharibika mapema kuliko wa juu. Basi mkitaka kujua haraka, msibonyeze wa juu peke yao. Wa juu wakiwa wagumu na wa chini wamelegea, angalia tundu. Wote wakiwa wamelegea, uliza kiasi cha barafu na muda waliokaa sitahani kabla ya kupozwa.

Na hili la vibua lisipuuzwe. Wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, kemikali inayoleta dalili kama za aleji, na kupika hakuiondoi. Mlaji akawashwa mdomo, akapata wekundu usoni na kichwa kumuuma, atasema "mimi nina aleji ya samaki". Mara nyingi mwili wake hauna tatizo lolote, tatizo lilianza sitahani. Huyo naye ametafuta chanzo ndani ya mtu wakati kipo nje.

Kusi_na_Kaskazi
Nyongeza kwenye swali la tatu la Mwalimu. "Nyakati zote" kwa bahari hii lazima ulinganishe vinavyolingana. Uvuvi wa taa unafanyika gizani. Mbalamwezi ikikaribia kujaa, mvuto wa taa unapungua, boti zinakawia zaidi kupata mzigo, na barafu inayeyuka tupu ikingoja. Ukichukua safari za giza za nahodha mmoja ukazilinganisha na safari za mwezi mkubwa za mwingine, umelinganisha miezi, hukulinganisha manahodha. Misimu hali kadhalika: joto la kaskazi si la kusi.

Na tahadhari kuhusu kufokeana. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman alikutana na wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israeli waliokuwa na hakika kwamba mwanafunzi akisifiwa huharibu na akifokewa hujirekebisha. Kumbe safari mbovu kupita kawaida, aghalabu inayofuata huwa afadhali kidogo hata asipofokewa mtu, na nzuri kupita kiasi hufuatwa na ya kawaida. Kwa hiyo mkimtukana nahodha baada ya safari mbovu kuliko zote, samaki wa safari inayofuata watakuwa afadhali na kikao kitajisifu bure.

Katibu_Diko
Nashukuru sana. Barafu anapima tajiri, na hilo sikuliona kuwa na uzito. Tatizo ni kwamba nahodha akihojiwa kila mara anasema "upepo". Nimwamini vipi?

Mwalimu_Chumbageni
Usimwamini wala usimkatalie. Jones na Nisbett walisema mwaka 1971 kwamba mtendaji huona mazingira na mtazamaji humwona mtendaji. Lilifundishwa kama sheria, lakini Bertram Malle alipokusanya tafiti 173 mwaka 2006 akakuta tofauti hiyo kwa jumla ni ndogo mno. Inajitokeza mambo yakiharibika, na yakinyooka inageuka: mtendaji anajichukulia sifa. Samaki wenu wameharibika, kwa hiyo tegemeeni "upepo".

Dawa ni kuacha kumuuliza "kwa nini". Muulize mfululizo: mlitoka saa ngapi, wavu wa kwanza ulivutwa saa ngapi, samaki waliingia boksini saa ngapi, barafu ilikuwa imebaki kiasi gani mlipogeuka. "Kwa nini" inamfanya mtu ajitetee, saa inamfanya akumbuke. Kisha waulize maswali hayohayo mabaharia wawili, kila mmoja peke yake.

Mzee_Pongwe
Hao wa mkono wa mtu msiwacheke, mtawapoteza. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard aliandika mwaka 1937 juu ya Wazande wa kusini mwa Sudani ya wakati huo: ghala likiwaangukia watu waliopumzika kivulini, Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini lianguke saa ileile na watu walewale wako chini yake. Mchwa ni jibu la swali moja, uchawi ni la jingine, nao wenyewe huuita mkuki wa pili, unaosaidiana na wa kwanza kuua.

Basi kikaoni usisimame kubishana na mkuki wa pili. Sema: "Hilo la mkono wenye nalo walishughulikie wanavyojua, sisi hapa tunahesabu barafu." Anayetaka kusoma dua asome, ilimradi tundu la boksi lizibuliwe. Kinachonipa mashaka ni pale mkono unapopewa jina la jirani. Hapo kikao kifungwe siku hiyohiyo.

Bi_Sahare
Katibu, daftari lako liwe na safu hizi: tarehe na umri wa mwezi, nahodha, boti, kilo za barafu wakati wa kutoka, saa ya wavu wa kwanza, saa ya kufika diko, saa ya kuuzwa, kilo za samaki, hali ya wa juu, hali ya wa chini. Andika boti zote. Ukiandika ile yenye lawama peke yake, swali la kwanza la Mwalimu halitakuwa na jibu. Na anayebonyeza samaki asiambiwe wametoka boti gani.