Mfupa wa baba umeingia usaha: akwanguliwe au vidonge vitatosha?

Kaskazi_Likoni: Assalam aleikum. Babangu ana kidonda cha kidole gumba cha mguu tangu mwezi wa mfungo. Daktari asema mfupa umeoza ndani. Anataka kukwangua palipokufa, kisha antibaiotiki wiki 6. Mguu haukatwi. Je, vidonge pekee haviwezi? Usingizi siupati.

MamaKibokoni: Pole mwanangu. Marehemu shangazi alianza hivyo hivyo, kisa sukari. Tulimficha ndani na maji ya chumvi mpaka akakatwa chini ya goti. Baba apunguze mahamri.

Nesi_wa_Zamu: Ana sukari? Dawa alishaanza?

Kaskazi_Likoni: Sukari anayo. Dawa alianza.

TuktukBamburi: Wiki 6! Mimi za siku 5 tu hunishinda. Muombeeni dua mzee.

Nesi_wa_Zamu: Kaskazi, alimeza siku ngapi?

Kaskazi_Likoni: 12. Kidonda kilifunga juu, na tumbo lilikuwa likimsokota, tukaona basi. Na msinilaumu, kuna mzee Kwale atibu mifupa kwa miti shamba, nishampa nusu ya pesa.

Ngalawa7: Hadithi ya kutunga hii. Juzi uliandika humu kuwa eksirei ilitoka safi. Leo mfupa umeoza? Karibu tutatumiwa nambari ya mchango.

Nesi_wa_Zamu: Usimwonee. Wiki 2 za mwanzo eksirei yaweza kuonekana safi na mfupa ushaanza kuliwa.

Kaskazi_Likoni: Wallahi sijaomba hata shilingi. Jana nikimfungua bendeji, kwenye shashi palikuwa na kitu cheupe, kigumu, kama punje ya mchele iliyovunjika. Nimekitia kwenye kikopo cha dawa.

Nesi_wa_Zamu: Yaelekea ni mfupa uliokufa. Damu haiufikii, na dawa husafiri na damu. Wapo wanaopona kwa vidonge pekee, lakini mfupa ukishameguka hivyo hutolewa. Mpeleke kesho, useme kweli kuhusu zile siku 12. Daktari akikwangua, muombe kipande kiende maabara, ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi inawaua. Sukari nayo ishuke, la sivyo kidonda hakifungi. Akipata homa au wekundu ukipanda mguuni, usingoje kesho.

MamaKibokoni: Vukeni na feri ya alfajiri, foleni ni fupi.

Kaskazi_Likoni: Baba hajui kilichotoka. Nilimwambia ni pamba.

MamaKibokoni: Muonyeshe usiku huu, kabla hamjavuka.