Mrejesho: shahada ya uzamili ya makumbusho na urithi

Ndugu zangu, niliwauliza iwapo mhitimu wa historia, mzaliwa wa Unguja, asome uzamili wa historia ya sanaa au wa usimamizi wa makumbusho na urithi. Nimechagua usimamizi, na ushauri ulionisaidia zaidi ni ule wa kutazama kwanza kama masomo yana uhifadhi kwa vitendo.

Mji Mkongwe umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, lakini sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 lililokuwa makumbusho, iliporomoka Desemba 2020 na kuua watu, msiba ambao bado unaniuma. Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa hufyonza unyevu na kuutoa, na zikipakwa saruji unyevu hunaswa ndani ukazila. Kwa hiyo msimamizi asiyelijua hilo anaweza kuvitunza vyombo vilivyomo huku jumba lenyewe likimpotea. Tasnifu yangu itahusu jambo hili hili. Ufadhili bado nautafuta, na anayeufahamu wowote naomba anijuulishe.