Kupima protini ya Brucella kama chanjo: kundi la kulinganishia liwe lipi?

Mdau_Temeke: Wakuu, naomba macho yenu kabla sijaanza. Protini ni Omp31, ya utando wa nje wa bakteria Brucella (wanaoleta homa ya brusela kwa mifugo na watu), jeni imetoka B. melitensis aina ya 16M, imezalishwa ndani ya E. coli BL21 na kusafishwa kwa kolamu ya nikeli. Panya wa BALB/c 8 kila kundi, mikrogramu 30 kila mmoja, siku ya 0, 14 na 28, pamoja na alamu kama ajuvanti (kiongeza nguvu cha chanjo). Kisha nawaambukiza B. abortus aina ya 544, ile Brucella ya ng'ombe. Kundi la kulinganishia ni moja tu, la maji ya chumvi. Linatosha?

Pugu_Mnadani: Halitoshi, ila kuna kubwa kuliko hilo. B. abortus haina Omp31! Kipande cha DNA chenye jeni hiyo kilishapotea kwake, kwa hiyo utachanja dhidi ya kitu ambacho adui hana. Ambukiza 16M yenyewe, na chanjo ya kulinganishia iwe Rev.1, chanjo hai ya B. melitensis. Kama shida yako ni ng'ombe na huwezi kuiacha abortus, hamia L7/L12 au BLS, protini nyingine za Brucella, ulinganishe na S19, chanjo hai ya B. abortus.

Alamu iache. Inavuta kinga upande wa kingamwili, wakati Brucella inajificha ndani ya makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu). Unachotafuta ni IFN-gama, ishara ya kinga ya seli, na kingamwili aina ya IgG2a isizidiwe na IgG1.

Mezani_Mabibo: Mbona endotoksini, sumu ya ukuta wa E. coli, haijatajwa? Mabaki ya E. coli yanaamsha kinga yenyewe, halafu sifa anapewa Omp31. Ioshe protini ikiwa bado imeshika kwenye kolamu: bafa (maji ya kuoshea) yenye sabuni ya Triton X-114 asilimia 0.1, ujazo mara 50 wa kolamu, kisha bafa tupu mara 20, ndipo uitoe. Usitumie ile njia ya kuchanganya na kutenganisha kwenye chupa. Omp31 ni protini ya utando, itazama na sabuni.

Yote hayo kwenye nyuzi 4. Triton hii inaanza kufanya ukungu kwenye nyuzi 22 hivi, na kwa joto la Dar, bafa ikisahaulika mezani imekwisha. Ukiona weupe, irudishe kwenye barafu hadi iwe angavu.

Makundi basi: bafa na ajuvanti, Rev.1, Omp31, na E. coli yenye plasmidi tupu (kipande cha DNA kisicho na jeni ya Omp31) iliyopitishwa hatua zilezile. Hilo la mwisho ndilo litakalokuokoa kwa wakaguzi.

Pugu_Mnadani: Naongezea upande wa hesabu. Ambukiza wiki 4 baada ya dozi ya mwisho. Saga bandama, zimua mara 10 kwa 10, hesabu koloni, geuza kuwa log10 kwa kila panya *kabla* ya kutafuta wastani. Kinga ni wastani wa kundi la bafa ukitoa wa waliochanjwa. Kundi la Rev.1 lina mtego: chanjo hai inaweza kuwa bado imo kwenye bandama. Hamishia koloni kwenye sahani yenye streptomaisini mikrogramu 2.5 kwa mililita. Zinazoota ni Rev.1, usizihesabu.

Kusaga bandama ni ndani ya maabara ya usalama daraja la 3. Hapo hakuna mjadala.

Mdau_Temeke: Asanteni sana. Sasa plasmidi tupu haitoi protini, nadunga mikrogramu ngapi?

Mezani_Mabibo: Usipime uzito, mkuu. Chukua sehemu ileile ya kolamu, ujazo uleule unaobeba mikrogramu 30 za Omp31.