Mtoto anayepiga wenzake: ni damu au ni kundi?

mwalimu_wete
Assalaam alaykum. Darasa la maandalizi, watoto 36, umri miaka mitano. Watatu wanapiga wenzao kila mapumziko. Wazee wanasema "kalandana na babake, damu hiyo". Kuna rai ya kuwakalisha watatu hao pamoja nyuma. Inafaa? Na kama ni damu, mwalimu ana la kufanya?

bi_chake
Waalaykum salaam. Tafadhali mwalimu, msiwakalishe pamoja. Mmoja akisukuma, wawili wanacheka, na kicheko hicho ndiyo tunzo yake. Kesho atasukuma tena.

Damu imo kweli. Quebec, huko Kanada, walifuatiliwa mapacha waliozaliwa 1995 hadi 1998. Pacha wa kufanana wana jeni (chembe za urithi) zile zile; wasiofanana hushirikiana kiasi cha nusu, kama ndugu wengine. Ukiwalinganisha, unapata kujua urithi unachangia kiasi gani. Walipofika miaka sita, urithi ulieleza zaidi ya nusu ya tofauti baina ya watoto katika kupiga na kusukuma, lakini kama asilimia 20 tu katika kusengenya na kutenga wenzao. Ila mwelekeo huo wa kupiga ulijitokeza zaidi kwa wenye marafiki wapigaji. Marafiki hao darasani anawapanga mwalimu.

maalim_mkoani
Bi Chake kasema kweli. Naongeza: mtoto mkali hukimbiwa na wenzake, akabaki na wakali wenziwe tu. Hapo ndipo pa kukata.

Siku tatu za mwanzo angalia tu, dakika kumi za mapumziko. Andika nani kaanza, kapata nini (mpira? zamu?), nani kacheka. Halafu panga vikundi vya wanne, kila mpigaji kikundi chake, na visibadilishwe wiki tatu. Wape kazi isiyokwenda bila mikono yote, kama kubeba maji au kutandika mikeka. Mara nyingi hukwama kwa sababu mbili: vikundi hubadilishwa mapema, au mtoto mpole mmoja hufanywa mlinzi wa mkorofi, naye akachoka.

mwalimu_wete
Ahsanteni sana. Na yule mkimya, asiyecheza na mtu?

bi_chake
Usimsimamishe mbele ya darasa kusoma shairi, hofu itazidi. Mpe mwenzake mmoja mtulivu, yule yule kila siku, kisha mwongeze wa pili.

maalim_mkoani
Zungumza na ustadhi wao pia. Jioni wanakutana wale wale chuoni (madrasa), na jina la "mkorofi" likiwatangulia huko, wenzao watawakimbia upya.