Mjadala: Tukate mafunjo tupitishe mfereji, au tuyaache yamzuie sangara?

Mwana wa Mafunjo
Wakuu, heshima kwenu. Naomba mawazo kabla ya mkutano wa kijiji Jumamosi. Kwetu Kanda ya Ziwa (kijiji nakihifadhi) tuna kijiziwa kidogo, ukisimama huku unamwona anayefua ng'ambo. Kati yake na Ziwa Victoria kuna bonde la mafunjo, mwendo wa saa nzima kama unajua pa kukanyaga. Vijana wanataka tuyakate, tuchimbe mfereji mitumbwi ipite mpaka mwaloni, kandokando tulime mpunga. Wazee wamegoma. Wanasema siku mafunjo yakifunguka sangara ataingia, na furu na ngege wetu wataisha kama walivyoisha ziwa kubwa. Vijana nao wanajibu tutaweka wavu mdomoni mwa mfereji, samaki hapiti. Mimi nipo katikati. Kuna mahali kizuizi cha samaki kimefanya kazi?

Dereva wa Joliet
Mkuu, hapo umenigusa. Naendesha lori huku Illinois, Marekani, na mfereji wa namna hiyo nauvuka karibu kila siku. Ulifunguliwa mwaka 1900 ili uchafu wa jiji la Chicago usiingie Ziwa Michigan, maji yakageuzwa yaelekee Mto Mississippi. Mabonde mawili ambayo hayakuwa yakijuana yakawa nyumba moja. Miaka ya 1970 huko kusini wakaleta karpu kutoka Asia wasafishe mabwawa ya kufugia samaki. Karpu wakatoroka, wakapanda mto. Kuna aina moja akisikia injini anaruka juu, anampiga mtu usoni ndani ya boti, sitanii.

Basi pale Romeoville jeshi lao la wahandisi limeweka kizuizi cha umeme kwenye maji tangu 2002. Samaki akikaribia anapigwa ganzi au anageuza. Kichekesho ni kwamba kizuizi hicho kilianza kupangwa kwa ajili ya samaki mwingine kabisa, gobi, naye alishapita kabla hawajawasha. Mwaka 2009 walipozima kwa matengenezo ilibidi wamwage sumu kilomita kama tisa za mfereji. Wakakusanya samaki waliokufa marundo kwa marundo, karpu waliyekuwa wakimtafuta wakampata mmoja. Sasa hapa Joliet wanajenga kingine, Brandon Road, umeme pamoja na mapovu na makelele chini ya maji, zaidi ya dola bilioni moja.

Wenzetu wanatumia bilioni kumzuia samaki vamizi. Sisi wetu tulimtia ziwani kwa mikono yetu, na leo watu wa Mwanza wanashindia mapanki, mifupa inayobaki kiwandani minofu ikishakatwa, wakidhani ndiyo maendeleo.

Kirumba Damu
Wewe dereva ishia hapohapo. Umeandika vizuri kuhusu mifereji yako, halafu ukaona huwezi kulala bila kututukana.

Mama yangu ameuza mapanki miaka kumi na moja. Saa kumi alfajiri yuko getini kiwandani anagombania ndoo, saa mbili karai liko motoni, mafuta yanayokaangia ni ya sangara huyohuyo. Kichwa cha sangara wa kilo kumi, ukijua kukibanjua pale shavuni, kina nyama kuliko huo mnofu mnaouziwa huko supamaketi umefungwa nailoni. Mimi nimemaliza chuo kwa pesa ya mifupa hiyo. Usiniambie samaki vamizi. Vamizi ni nani? Aliyelisha watu au aliyekwenda kuendesha lori ugenini?

Tatu Mzuka
Hahahaha "aliyekwenda kuendesha lori ugenini", dereva rudi nyumbani haraka kuna ujumbe wako.

Dereva wa Joliet
Kaka sijamtukana mama wa mtu. Nilichosema ni kwamba minofu inapanda ndege na mifupa inabaki. Hilo uongo?

Kirumba Damu
Ungesema hivyo tungeelewana. Wewe ulisema "wanashindia".

Siaya Kando ya Maji
Wadau wa TZ, mkimaliza kupigania mifupa, huyu ndugu aliuliza swali. Mimi niko Siaya, kwetu tuna Ziwa Kanyaboli. Ni kitu hicho hicho anachoeleza. Kati yetu na Victoria kuna kinamasi cha Yala, na mbuta (nyinyi mnamwita sangara) hajawahi kutumaliza kule ndani. Si eti mafunjo ni ukuta wa mawe hapiti. Maji ya mle hayana hewa. Yametulia, meusi, yananuka majani yaliyooza, na mbuta ni samaki wa kutaka hewa nyingi, akiingia hapo anachoka kabla hajafika mbali. Kamongo anapita kwa sababu anapanda juu kuvuta pumzi kama mtu. Furu wengi nao wanavumilia. Ndiyo maana ile ngege ya zamani, ile babu zetu waliijua, bado inapatikana Kanyaboli na huku ziwa kubwa utaitafuta mpaka uchoke.

Kwa hivyo kijana, kizuizi chenu mnacho tayari na hakilipiwi stima. Mnataka kukifyeka mkanunue cha nyavu?

Sato Mchemsho
Nakubaliana na jirani wa Siaya ila hapo kwenye ngege mnakuza mambo. Samaki mwenyewe wa Ziwa Victoria ni sato. Sangara ndiye mgeni, huyo fukuzeni, lakini sato ni mwenyeji na bado yupo tele. Sijaona kilichoisha.

Mwalimu Mstaafu
Kijana wangu Mchemsho, nasikitika kukuharibia chakula cha mchana. Sato naye ni mgeni. Aliletwa miaka ya 1950, zama zilezile za sangara, kwa sababu ngege na mbiru walikuwa wameshavuliwa mno na wakubwa wa wakati huo wakaona wajaze pengo. Wenyeji ni hao ngege na mbiru. Sato aliwakuta, akawabana kwenye mazalia, na pengine akazaa nao.

Sato Mchemsho
Mwalimu, shikamoo, lakini hapana. Sato wa Mwanza asiwe wa Mwanza? Hata hoteli za Dar zinaandika ukutani "Sato wa Mwanza".

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Hata mahindi tunasema ni chakula chetu, na yalikuja kwa meli.

Tatu Mzuka
Leo ziwa zima limebaki bila mwenyeji. Dagaa naye katoka wapi, Ubelgiji?

Mwalimu Mstaafu
Dagaa ni mwenyeji halali, muache. Na siku hizi ukipima kwa tani ndiye anayeongoza ziwani.

Kigoma Mwisho wa Reli
Mnavyomwita sangara mvamizi mtaje na ziwa. Kwetu Tanganyika sangala, wa ukoo mmoja na huyo wenu, ni wa asili, yupo na ndugu zake, na migebuka ni ukoo huohuo. Hawajamaliza mtu. Tatizo lenu watu wa Victoria mmezoea samaki wa kuletewa. Njooni Kigoma mle kuhe muone samaki mwenye adabu.

Kirumba Damu
Kigoma mna samaki, tatizo akifika kwetu ameshakuwa mkavu kama ubao wa dawati.

Kigoma Mwisho wa Reli
Na kayabo yenu je? Chumvi ile mtu anakula leo anakunywa maji mpaka Idi.

Mwana wa Mafunjo
Wakuu, mkutano ni Jumamosi.

Mama Bwawa Moro
Mwana wa Mafunjo, nikujibu mimi ninayelala na nyavu. Nafuga sato Morogoro, mabwawa matatu. Kwenye bomba la kutolea maji nimefunga wavu wa matundu madogo, na kila asubuhi naingia mwenyewe hadi kiunoni kuusafisha kwa mkono, majani, magugu, mifuko ya nailoni, mara moja niliokota kandambili ya mtoto. Nisiposafisha siku mbili unaziba, maji yanapanda, yanapita juu ya tuta. Hapo ni bomba la upana wa sahani. Wewe unasema mfereji wa kupita mitumbwi! Kwanza mtumbwi utapitaje kwenye wavu? Mtaweka geti. Geti litafunguliwa na nani, saa ngapi, na saa nane usiku mvuvi akiwa na haraka atalifunga?

Halafu kuna mayai na vifaranga, hao wavu unaomzuia sangara mkubwa hauwahusu. Masika iliyopita niliamka nikakuta kambale wanatambaa njiani wanaelekea kwa jirani. Wavu ulikuwa mzima kabisa.

Mlinzi wa Mto
Mama, kwa hiyo unakiri hapa hadharani sato wako wanatorokea mtoni? Ninyi wafugaji ndio mmetuharibia perege. Ruvu na Wami huku ukivua leo unapata kitu hakieleweki, si sato si perege, chotara. Perege halisi mjukuu wangu atamwona kwenye picha.

Mama Bwawa Moro
Nimesema kambale. Sato sijasema.

Mlinzi wa Mto
Tuta likipasuka wanabaki kukusubiri?

Mama Bwawa Moro
Kaka, vifaranga niliuziwa kwa mihuri yote, na aliyeniuzia aliniambia ndio mbegu bora. Sikwenda kuiba Mto Nile. Kaulize waliogawa.

Mwalimu Mstaafu
Mama amesema neno kubwa kwa hasira. Wote mnahangaika na maji, na samaki hawa hawakupita kwenye maji.

Mkifika Uganda mkaangalie maporomoko ya Murchison. Nile nzima inajibana kwenye mwanya wa mita saba hivi, inadondoka mita arobaini na ushee. Nilisimama pale juu, shati likalowa bila mvua, na kuongea na mwenzako mpaka umshike sikio. Sangara aliishi chini ya maporomoko yale, Ziwa Albert, kwa maelfu ya miaka, na hakuna hata mmoja aliyepanda. Kizuizi kuliko hicho hakuna atakayejenga, awe Mmarekani awe nani. Miaka ya 1950 watu wakambeba, wakamweka upande wa juu. Wengine waliweka kimyakimya wakati wataalamu bado wanabishana kama ni busara, na miaka ya 1960 wakaongeza kwa ruhusa. Basi. Ikabaki kusubiri, kufikia miaka ya 1980 ghuba ya Mwanza furu aliyekuwa akijaza nyavu hayupo.

Dereva wa Joliet
Mwalimu, hapo hata huku wamepaona. Ndiyo maana kusafirisha wale karpu wakiwa hai ni kosa la sheria. Mwaka 2010 alivuliwa mmoja mkubwa Ziwa Calumet, upande wa ndani kabisa, kizuizi cha umeme kiko nyuma yake. Watu wakagombana, alipenya au alibebwa?

Na jirani zao wa Michigan walishawapeleka Illinois hadi Mahakama Kuu ya Marekani wakitaka mageti ya mfereji yafungwe. Walikataliwa. Meli za mizigo zinapita pale, nani atazizuia? Siku hizi wameamua kumla. 2022 wakambadilisha na jina, wanamwita copi, eti avutie mezani.

Kirumba Damu
Si ndiyo hiyo! Mzungu akimla vamizi wake anampa jina zuri na kampeni juu. Sisi tukimla wetu tunaitwa tunashindia mapanki.

Dereva wa Joliet
Kaka bado tu?

Kirumba Damu
Bado sana.

Sauti ya Kokoro
Mimi naona mnamsingizia sangara. Furu aliisha kwa kokoro, ule wavu wa kukokota mpaka ufukweni. Nimevuta kokoro nikiwa darasa la tano, najua tulichokuwa tunatoa: vifaranga tupu, ndoo nzima ya vitu saizi ya kidole, mazalia tunayakwangua mpaka mchanga. Ongeza mavi ya miji yote inayolizunguka ziwa na maji yaliyogeuka kijani. Sangara alikuta nyumba imeshabomoka. Na furu wengine siku hizi wamerudi, kawaulize wavuvi.

Siaya Kando ya Maji
Wamerudi baadhi. Aina mia kadhaa zilikuwa, zilizoenda zimeenda. Lakini kokoro pia ni kweli, hapo sikatai.

Fundi Solar
Wale wanaomshauri mwenzetu kizuizi cha umeme, kwanza umeme wenyewe ufike kijijini. Ukikatika saa mbili usiku sangara watapita na virago vyao.

Sato Mchemsho
Mwalimu, nimepiga simu kwa mjomba Ukerewe. Anasema kweli, marehemu babu yake alikuwa anamwita sato "samaki wa serikali". Nimekaa kimya nusu saa.

Mwana wa Mafunjo
Wakuu, asanteni. Nimemsomea mzee maneno ya huyu wa Siaya kuhusu hewa, akacheka, akasema wao walijua bila kusoma, ukitia mgono mle ndani hutoi kitu ila kamongo. Vijana nao wamelegea kwenye mfereji baada ya hesabu ya Mama Bwawa, nani atasafisha wavu kila asubuhi. Sasa wamekuja na jipya. Wanasema mafunjo yabaki, mpunga ulimwe pembeni tu, ila kijiziwa kina samaki wadogowadogo wasio na soko, kwa hiyo wachange wanunue vifaranga vya sato wavimwage. Kuna mmoja ana pikipiki na madumu mawili.

Mwalimu Mstaafu
Mwambie alale na hiyo pikipiki ndani mpaka nipande basi nije.

Mama Bwawa Moro
Vifaranga ninavyo, ila huko sipeleki. Msije mkasema ni mimi.

Kigoma Mwisho wa Reli
Furu wa kukaanga kwa ndimu halafu mtu anasema hana soko? Mkuu, huko kwenu fungu la furu ni bei gani?