Wa Makadara ❄️

*Mwanaidi amebadilisha jina la kikundi kutoka "Wa Makadara 🌴" kuwa "Wa Makadara ❄️"*

Alhamisi

Mwanaidi 19:42
Asalaam aleykum nyote. Saumu yuwataka majina ya wanaokwenda kwake kuteleza kwenye theluji, kufikia kesho usiku. Innsbruck, huko Austria, Desemba vyumba vyajaa mapema, na kwake hatuenei. Andika jina kama lilivyo kwenye pasi.

Mwanaidi 19:43
1. Mwanaidi
2.

Mwanaidi 20:30
Tiki za buluu naziona. Mumesoma.

Twalib 20:51
2. Friji ya mama. Barafu inayo, pasi ndiyo haina

Rukia 20:52
😂😂😂

Mwanaidi 20:55
Twalib sitaki mzaha. Viza ni yuro 90 mtu mzima, mtoto wa miaka 6 hadi 11 yuro 45, chini ya hapo bure. Bima isiyopungua yuro 30,000, bila hiyo musijisumbue. Pasi iwe na miezi 3 mbele baada ya kutoka kule, na isiwe imepita miaka 10 tangu kutolewa. Mjomba Athmani, yako nimeiona. Ile ipelekwe Fort Jesus iwekwe kwenye kioo.

Rukia 21:03
Lakini da Mwanaidi, mimi ngazi za kwa mama zikimwagwa maji tu nakaa kitako. Huko juu ya mlima nitakuwaje?

Mwanaidi 21:09
Kwani Saumu alizaliwa akijua? Wapewa mwalimu, mwaanza kwenye kijilima cha watoto. Ukitaka kupunguza mwendo, ncha za mbele za skii, vile vibao vya miguuni, wazielekeza ndani zikaribiane, umbo la sambusa. Ukitaka kwenda, wazinyoosha. Njia zina rangi: buluu ndiyo yetu, nyekundu ya waliozoea, nyeusi usiisogelee. Viatu, skii na helmeti ni vya kukodi.

Twalib 21:10
Sambusa ya nyama au ya viazi?

Twalib 21:11
Mimi nitakuwa kaimati. Nabiringika mpaka chini, nafika nimeshaingia sukari

Mwanaidi 21:15
Yule Sabrina Simader kazaliwa Kilifi hapo. 2018 aliiwakilisha Kenya kwa skii Olimpiki ya baridi, Pyeongchang. Wa Pwani twaweza.

Rukia 21:17
Kazaliwa Kilifi, kakulia Austria. Mimi nimekulia Makadara

Ami Said 21:40
Mimi namkumbuka Philip Boit, Mkenya mwenzetu, Olimpiki ya Nagano 1998. Kilomita 10 za skii, akafika wa mwisho kabisa. Na bingwa mwenyewe, yule Dæhlie wa Norway, akamngoja mstarini akamkumbatia. Boit akaja kumpa mwanawe jina hilo la Dæhlie.

Twalib 21:41
Mimi nitangojwa na ambulensi

Mwanaidi 21:58
Majina jamani.

Ijumaa

Mjomba Athmani 06:12
Nimeamka nakuta makelele ya barafu. Kabla hatujafika kwenye yuro, nauliza elfu saba zangu za Lamu.

Rukia 06:30
Ya Rabi

Mwanaidi 06:31
Mjomba lile si tulilimaliza? Nahodha alikula arubuni.

Mjomba Athmani 06:44
Nahodha nilimuona mwenyewe, amekaa na Hamid wala halua. Nikanyamaza.

*Hamid ameondoka kwenye kikundi*

Twalib 06:46
Huyo ameteleza bila skii 💀

*Mwanaidi amemuongeza Hamid*

Hamid 07:20
Nilibonyeza kwa bahati mbaya.

Khadija 09:05
Samahani nilikuwa kazini. Kwani Lesotho je? Kuna Afriski, mahali pa kuteleza, nako ni juu ya mita 3,000. Theluji yao ni Juni mpaka Agosti, na ni Afrika hapahapa.

Mwanaidi 09:07
Na Saumu yuko Lesotho?

Khadija 09:08
Haya.

Nyanya 14:02
*Ujumbe wa sauti, 1:47*

Nyanya 14:09
Ni mimi Zuwena, ameniambia niandike kwa wasiosikiliza. Asema wiki hiyo munayoitaka ndiyo tuliyoipanga hitma ya babu, na nyote mulikuwa mumekaa ukumbini mukaitikia. Asema hamkatazi mtu. Asema Saumu mwaka wa sita huu hajatia mguu, na milima haihami.

Ami Said 16:50
Mama amesema.

Mwanaidi 17:31
Nyanya niwie radhi. Tarehe sikuitazama.

Saumu 20:15
Asalaam aleykum, natoka kazini saa hizi. Nyanya nimekusikia, nitakupigia. Lakini nani aliyewaambia Desemba? Mimi nilisema Machi. Juu huko theluji bado iko na siku zimekuwa ndefu.

Mwanaidi 20:17
Sauti yako ninayo. Ulisema Desemba.

Saumu 20:18
Nilisema Desemba ndipo watu waanza kumiminika!!

Rukia 20:20
Machi watoto wako shule

Mwanaidi 20:41
Basi tuwache tarehe kwanza. Majina yako hivi:
1. Mwanaidi
2. Rukia (mumewe akikubali)
3. Ami Said, wa kutazama tu

Mjomba Athmani 20:44
Niandike 4. Viza yangu ikatwe kwenye elfu saba.

Khadija 20:50
Na hitma ni tarehe ile ile? Niombe ruhusa kazini mapema. Lile sufuria kubwa liko wapi?

Rukia 20:51
Si lilikwenda kwa Hamid, Idi ile

Mwanaidi 21:06
Hamid?